Nyumba Yenye Sinki la Kuogea

Sinki liliingilia ukutani kwa sababu mlangoni liligoma. Wabeba mizigo walilijaribu kwa ubavu, wakalijaribu kwa kulisimamisha, wakang'oa na fremu ya mlango, na mwisho Luhende akawaambia wazunguke nyuma ya nyumba wabomoe tofali chini ya dirisha la bafu. Majirani wa mtaa wa Pasiansi walikuwa wamesimama kwenye michongoma yao wakitazama. Lilikuwa sinki refu jeupe la kuogea, lile ambalo mtu hujilaza ndani yake maji yakamfika kifuani, limetolewa kwenye nyumba ya wageni ya zamani iliyokuwa ikivunjwa mjini. Lilikuwa la chuma, na kila walipolitua ardhini walikaa kwanza, wakahema.

Selina, mkewe Luhende, alisubiri mpaka wabebaji walipokwenda kunywa maji.

"Baba Odeta, sasa Mayu ataogea wapi?"

"Humo humo. Si bafu?"

"Ukingo wake unanifika hapa mimi." Selina akajigusa juu ya goti. "Mayu hata kizingiti cha jikoni hakipiti bila kushikwa."

"Ni kwa muda tu, Mama Odeta. Nyumba ikishauzwa yote haya yamekwisha."

Mayu ndivyo walivyomwita mama yake Luhende, Bi Mhoja, kama Wasukuma wanavyowaita mama zao. Tangu kiharusi kimpige upande wa kushoto, walikuwa wamemleta kutoka Sengerema ili awe karibu na hospitali. Kila wiki Selina alimpeleka kwenye mazoezi, na siku hizi mkono ule uliokuwa unaning'inia ulikuwa umeanza kushika kikombe. Kuoga alikuwa akioga bafuni, amekaa juu ya kigoda kwenye sakafu ya saruji, Selina akimmwagia maji kwa kopo. Sasa sinki lilikula bafu lote. Ukilipita kwa ubavu unaweza kufika dirishani, lakini pa kuweka kigoda hapakuwapo.

Shauri la sinki lilikuwa la Kashindye, dalali. Luhende alikuwa mtunza bohari wa shirika la umma, na shirika lilipouzwa kwa watu binafsi yeye akawa miongoni mwa waliopunguzwa. Miezi ilikuwa imepita. Odeta alikuwa amerudishwa kutoka shule ya bweni kwa ajili ya ada na kupelekwa kwa mama mdogo wake asubiri. Huko chini ziwani, viwanda vya minofu ya samaki vilikuwa vinaota kila mwaka, na watu ambao jana walikuwa wakiomba lifti leo walikuwa na magari, kwa sababu tu walipata boti ya kukusanya sangara visiwani. Luhende naye alitaka boti. Alichokuwa nacho ni nyumba.

"Nyumba yako ni nzuri, mzee, sikatai," Kashindye alikuwa amemwambia, akigonga kuta kwa kifundo cha kidole kama daktari. "Lakini haina bathtabu. Mtu anayenunua nyumba siku hizi hajinunulii yeye peke yake. Ananunua akijua kesho na yeye atauza. Na huyo wa kesho, awe mzungu wa kiwandani, awe Mtanzania mwenye hela yake, swali la kwanza ni bathtabu iko wapi. Nyumba bila bathtabu ni banda la kulala, bosi. Utaikalia mpaka uzeeke."

Luhende alilala na maneno hayo, akaamka nayo. Selina alipomwambia kwamba bomba lenyewe hutoa maji kwa kubahatisha, na kwamba hakuna mtu mtaani humo mwenye maji ya kujilaza ndani yake, alijibiwa kuwa yeye hajui biashara.

*

Siku za kwanza Selina alimfuta mkwewe kitandani kwa kitambaa. Bi Mhoja hakupenda. Alisema anajisikia kama maiti inayooshwa. Basi Selina akafunga khanga kwenye kamba za kuanikia nguo nyuma ya nyumba, akapata chumba cha khanga chenye kuta tatu, ukuta wa jikoni ukiwa wa nne, na humo Mayu akakaa juu ya kigoda chake na kumwagiwa maji ya uvuguvugu, akiimba kwa sauti ndogo nyimbo za kwao.

Kashindye alikuja kuangalia kama ukuta umezibwa vizuri, akaziona zile khanga.

"Mzee, hiki nini?"

"Ni... mama anaogea hapa."

"Nje?" Kashindye alishusha sauti, lakini si kiasi cha Selina kushindwa kusikia pale jikoni. "Bosi wangu, mteja akizunguka huku nyuma akamkuta bibi anaoga uani, atasema nini? Atasema hata hilo bafu ni la maonyesho. Atoe hela yake kwa sababu gani?"

Luhende alikwenda kwenye kamba, akabandua vibanio kimoja kimoja, akazikunja khanga vizuri, akampelekea mkewe jikoni. Hakumtazama usoni.

"Mpaka Jumamosi tu," alisema. "Jumamosi anakuja mteja. Mwanamke mmoja wa mkoa wa Mara, tajiri wa samaki. Vumilieni mpaka Jumamosi."

*

Jumamosi hiyo nyumba iling'arishwa mpaka ikawa si yao. Luhende alilisugua sinki kwa majivu, akajaza pipa la juu ya paa ili bomba lisije likamwaibisha mbele ya mgeni. Choo, kilichokuwa pembeni ya bafu, alikiosha kwa dawa yenye harufu kali, akavuta mlango na kusema mtu asiingie mpaka wageni waondoke. Kisha akaenda chumbani kwa mama yake.

"Mayu, leo wanakuja watu. Naomba upumzike humu humu. Tutafunga mlango kidogo."

"Haya, mwanangu," alisema Bi Mhoja. "Wanakuja kunioa?"

Luhende alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyekwisha kufika barabarani kwa mawazo, akafunga mlango.

Mgeni alichelewa. Jua lilipanda, chai ikapoa, Luhende akawa anatoka getini na kurudi. Selina alipita mara mbili mbele ya mlango wa mkwewe, na mara ya pili akasikia akiitwa kwa sauti ya mtu anayeona aibu.

Alifungua. Harufu ilimwambia kabla ya macho. Mama mzima yule alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, amejikaza, mkono wake mzuri umeshika shuka, na machozi yalikuwa yakishuka upande mmoja tu wa uso, ule usioguswa na ugonjwa.

"Nimejizuia, Selina. Nimesikia amesema choo kimeoshwa. Nimejizuia mpaka nimeshindwa."

"Kwa nini hukuniita, Mayu?"

"Wageni wangenisikia."

Selina alisimama pale akiwa amekunja ngumi ndani ya khanga yake. Nje hapakuwa na pazia la kumficha mtu, na pangepitiwa na wageni wakati wowote. Kumfuta kwa kitambaa tu isingetosha. Alimtazama yule mama, halafu akatazama mlango.

"Simama, Mayu. Tunakwenda kuoga."

"Kwenye ule mtumbwi?"

"Kwenye mtumbwi huo huo."

Kuingia kulikuwa rahisi kuliko alivyodhani. Alimkalisha ukingoni, akaupitisha mguu mmoja, akaupitisha wa pili, akamteremsha taratibu mpaka chini. Akafungua lile bomba lililokuwa limetunziwa mgeni, akachanganya na maji ya moto ya birika, akamsafisha. Bi Mhoja alifumba macho. Kwa dakika chache, kusema kweli, alistarehe. Alisema maji yanamkumbusha alipokuwa msichana ziwani, upande wa kwao.

Kutoka ndiko kulikoshindikana. Sabuni ilikuwa imefanya chuma kiteleze. Selina alimshika makwapani kutoka nje ya sinki, akavuta, mgongo wake ukalia. Aliingia ndani na miguu mitupu, akateleza, akapigiza goti. Kila alipomnyanyua, mguu wa kushoto ulikataa kukanyaga na wote wawili wakarudi chini. Ndipo aliposikia gari likizima getini, na sauti ya Kashindye ikikaribisha watu kama vile nyumba ni yake.

*

Kitasa kilitikisika.

"Nani yuko humo?" Alikuwa Luhende, akinong'ona.

"Mimi na Mayu."

"Nilisema nini mimi? Mama Odeta, nilisema nini?"

"Amekwama, Baba Odeta. Siwezi kumtoa peke yangu."

Selina alijua mumewe anafikiria nini, maana na yeye alikuwa anafikiria hilo hilo. Mwenye nguvu ndani ya nyumba alikuwa mmoja, na huyo alikuwa mtoto wa kumzaa.

"Asiingie," alisema Bi Mhoja. Alikuwa ameanza kutetemeka. "Selina, mwambie mwanangu asinione hivi. Bora nife humu."

"Haingii, Mayu. Haingii." Kisha akageukia mlangoni: "Kamwite Mama Ngosha hapo jirani."

"Ameenda sokoni. Nimemwona akipita. Ngoja, ngoja kidogo. Nitawapitisha sebuleni kwanza, nitawazungusha nje..."

"Maji yanapoa! Unataka asubiri mpaka mmalize kutembea?"

Lakini hatua zilikuwa zimeshafika ukumbini, na Kashindye alikuwa amechangamka. "Na hapa sasa, mama, ndipo penyewe. Hapa ndipo nyumba hii inapozishinda zote za Pasiansi. Karibu ujionee."

"Bado kidogo," alisema Luhende. Selina aliona kitasa kikishuka na kusimama katikati, kimeshikwa na watu wawili.

"Kuna nini?" iliuliza sauti ya mwanamke, nzito, isiyo na haraka.

"Kuna fundi ndani," alidakia Luhende. "Anarekebisha bomba."

Bi Mhoja alikohoa, kikohozi kirefu cha baridi, kikaishia kwenye mguno.

"Huyo fundi wenu," alisema yule mwanamke, "ni bibi?"

Selina alimtazama mkwewe, midomo imeanza kubadilika rangi, mkono wa kushoto umelala majini kama si wake. Alijua kwamba akifungua mdomo, boti ya mumewe inaweza kuzama kabla haijanunuliwa.

"Mama!" alipaza sauti. "Wewe uliye nje, kama ni mwanamke, njoo unisaidie! Mama mkwe wangu amekwama, na mwanawe hawezi kuingia!"

Ikasikika, "Nishikie," na vitu vikikabidhiwa. Mlango ukafunguliwa kiasi cha mtu mmoja kupita, ukafungwa.

Alikuwa mwanamke mnene, mrefu, wa makamo, amevaa kitenge kipya. Jina lake Janet Agutu. Aliwaangalia waliomo ndani ya sinki, akavua viatu, akapandisha kitenge mpaka mapajani na kukifunga fundo, akaingia. Mikono yake ilikuwa ya mtu aliyeanza na beseni la samaki kichwani.

"Shikamoo, mama," alisema, akiinama.

"Marahaba, mwanangu," alijibu Bi Mhoja, uchi, maji yakimtiririka. "Unatoka wapi?"

"Shirati."

"Mbali."

"Mbali, mama. Nishike shingo. Wewe dada, chukua miguu, usivute, beba. Haya."

Wakamtoa. Walimkausha wakiwa wamembana katikati yao, wakamfunga khanga, wakampeleka chumbani mmoja huku, mmoja huku. Ukumbini Luhende alikuwa amejibandika ukutani, ameshika mkoba wa mgeni kwa mikono miwili, uso ameugeuzia upande wa jikoni. Walipompita hakugeuka.

*

Sebuleni Janet hakukaa. Kitenge kilikuwa kinadondosha maji kwenye sakafu iliyopigwa rangi nyekundu asubuhi ile.

"Poleni sana na usumbufu, mama," alisema Kashindye. "Lakini si umeliona lenyewe? Chuma tupu. Siku hizi hayatengenezwi tena hayo."

"Nimeliona. Nimelikanyaga." Janet alijipangusa mikono. "Nyumba naitaka kwa sababu iko karibu na kiwanda. Nitalaza wafanyakazi wangu humu, watu wa zamu. Unadhani watapanga foleni wajilaze kwenye hilo dude mmoja mmoja? Nitalitoa. Na gharama ya kulitoa, na ya kujenga upya bafu, naikata kwenye bei. Mkitaka litoeni wenyewe."

Luhende aliuhamishia mkoba wa mgeni kwenye mkono mwingine.

"Na mtahamia wapi na mama huyu?" aliuliza Janet.

Kashindye ndiye aliyejibu, haraka, kama mtu anayeondoa kikwazo njiani. "Hilo halina shida kabisa. Mzee ameshapanga. Bibi anarudi Sengerema. Jumatatu anavushwa na kivuko cha Kamanga, anapokewa na binti yake."

Selina alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba cha mkwewe, nguo chafu mikononi. Jumatatu. Siku ya mazoezi ilikuwa Jumanne. Alimtazama mumewe, na mumewe akatazama zile alama za maji sakafuni.

"Luhende," Bi Mhoja aliita kutoka ndani.

Alikwenda. Alisimama kizingitini kama mtoto aliyeitwa kuchapwa, mtu mzima mwenye mvi.

"Ni kweli?"

"Mayu, nilikuwa nakwenda kukuambia."

"Lini? Nikiwa ndani ya kivuko?"

"Hali imenibana. Tutakakohamia ni chumba na nusu. Nilifikiri kwa dada utapata nafasi, utapumzika..."

"Kama ni Sengerema, ni kwetu, sipaogopi." Sauti yake haikuwa kubwa, lakini sebuleni walisikia kila neno. "Nimekuzaa mimi. Ukiishiwa, niambie, nitakula unachokula. Ukitaka nirudi, niambie, nitarudi na mguu wangu huu huu. Sasa dalali anajua siku yangu ya kusafiri, na mimi sijui. Kwa nini ulimwambia yeye kwanza?"

Luhende alijishika kwenye fremu ya mlango.

"Kama anakwenda Jumatatu," Selina alisema, "na mimi nakwenda naye. Atakayemfanyisha mazoezi ya mkono huko ni nani? Wewe baki na sinki lako, uliuze."

Hakupandisha sauti wala hakulia. Ndicho kilichomtisha Luhende, maana alimjua mkewe akigomba na alimjua akilia, lakini hivi hakumjua.

Alirudi sebuleni, akamkabidhi Janet mkoba wake.

"Mama, bei yako nimeisikia. Nipe nafasi niongee na watu wa nyumbani kwangu."

"Watu gani tena, bosi?" Kashindye aliruka. "Mwenye nyumba si wewe? Mnunuzi yuko tayari hapa, unamwachia mlango atoke?"

"Kashindye, naomba utoke."

"Mimi? Kazi yote hii niliyofanya..."

"Toka. Nitakuita nikikuhitaji."

Janet alivaa viatu vyake bila kusema kitu. Getini alisimama, akamwambia Selina aliyemsindikiza, "Mimi ni mfanyabiashara. Bei siongezi. Lakini kama mnahitaji kukaa mpaka mama amalize mazoezi yake, hata mwezi ujao, semeni. Watu wangu hawaji kesho."

Selina alibaki ameshika geti. Jambo hilo, mumewe hakuwa amewahi kufikiria kuliuliza.

*

Nyumba waliiuza. Hapakuwa na njia nyingine, na Selina mwenyewe ndiye aliyesema hivyo walipokaa wote watatu kitandani kwa Bi Mhoja kuzungumza. Waliiuza kwa bei ya Janet, kwa sharti la kukaa mpaka daktari aseme, na Luhende akalitoa sinki mwenyewe, akabomoa ukuta ule ule na kulivutia uani kwa magogo. Kashindye alipita kudai ujira wake wa udalali, akaliangalia pale juani, akasema kwamba kuna mteja mtaa wa Isamilo. Huyo mteja hakuonekana. Boti Luhende aliipata ya ubia, nusu yake na nusu ya mtu mwingine. Kitu cha kwanza kilicholipwa kilikuwa ada ya Odeta.

Walihamia Mabatini, kwenye nyumba ya wapangaji wengi, vyumba viwili vinavyotazama uani. Bafu lilikuwa la wote: kuta za mabati, paa hakuna, sakafu ya mawe iliyobonyea, na kizingiti kirefu cha kuzuia maji ya mvua. Jumapili ya kwanza Luhende hakwenda mwaloni, kwenye boti. Alikopa nyundo, akakivunja kile kizingiti, akachanganya saruji, akasawazisha sakafu mpaka mlangoni. Wapangaji walitoka kuuliza nani kamruhusu.

"Mama yangu anaogea hapa," aliwaambia. Alisema kwa sauti, ua wote ukasikia, halafu akaendelea kusawazisha.

Saruji ilipokauka, Selina alimwingiza Mayu akitembea na fimbo, akamkalisha juu ya kigoda, akamwekea ndoo na kopo upande wa mkono mzuri. Alitaka kubaki. Bi Mhoja alimwambia atoke, leo atajaribu mwenyewe. Mlango haukuwa na komeo, kwa hiyo Luhende aliweka stuli mbele yake na kukaa, mabati ameyapa mgongo.

Asubuhi ya Mabatini ina watu wengi. Wa kwanza alifika na taulo begani, wa pili na ndoo, na baada ya muda kulikuwa na mstari mpaka kwenye mlango wa jiko.

"Baba, vipi? Tunachelewa kazini."

"Subirini," alisema Luhende. "Mama yangu yumo."

"Si atatoka sasa hivi?"

"Akimaliza."

Walinung'unika. Mmoja alisonya, akaketi juu ya ndoo yake. Selina alikuwa anachochea moto pembeni, sikio lake likiwa kwenye mabati, akisikiliza kopo likizama ndani ya ndoo, likimiminwa, likizama tena. Halafu akasikia sauti ndogo ikianza wimbo wa kwao, ubeti wa kwanza, wa pili, bila haraka yoyote, kama mtu mwenye maji ya ziwa zima.